Kutoka Kuona hadi Kutenda: Somo la Kampeni za Afya Mitandaoni kwa Vijana Wakati wa UVIKO-19

Utangulizi

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 ilikuwa imefikia kiwango cha janga la dunia. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 Machi Tanzania nayo ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Katika siku chache zilizofuata shule na vyuo vilifungwa katika nchi hizo zote mbili. Vijana waliozoea kukutana darasani, viwanjani na vijiweni wakabaki nyumbani, na wengi wao wakaendelea kukutana kwa njia moja iliyosalia, nayo ni simu.

Wizara za afya, mashirika na wasanii waliwafuata huko huko. Kenya ilieneza ujumbe wa Komesha Corona. WHO ilianzisha changamoto ya kunawa mikono iliyowaalika watu kujirekodi wakinawa na kuwaalika wenzao kufanya hivyo. Tanzania, chanjo zilipofika mwaka 2021, ilitumia kaulimbiu ya Ujanja Kuchanja, iliyotungwa kwa lugha ambayo vijana wenyewe huitumia mitaani. Hata hivyo, njia hizo hizo zilibeba pia uvumi, hofu na tiba za kubuni. Mnamo Februari 2020 Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alikuwa ameshaonya kwamba dunia inapambana na mlipuko wa ugonjwa pamoja na mlipuko wa habari potofu.

Makala haya yanajadili swali moja: kampeni ya afya mitandaoni humbadilisha kijana kwa njia gani, na huishia wapi? Jibu tunalolitetea ni kwamba mtandao una uwezo mkubwa wa kumfanya kijana aone ujumbe, uwezo wa kadiri wa kumfanya auamini, na uwezo mdogo wa kumfanya autende. Hatua mbili za mwisho hutegemea sana mtu anayemfahamu na huduma iliyo karibu naye. Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya, hata asiye na ukurasa wowote mtandaoni, ni sehemu ya kila kampeni inayofanikiwa.

Kwa nini kijana huhitaji ujumbe wake

Ujumbe mwingi wa mwanzo wa janga uliwataka watu wajikinge ili wasife. Kwa mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu, ujumbe huo ulikuwa na uzito. Kwa kijana mwenye afya njema haukuwa na uzito uleule, kwa kuwa takwimu za nchi nyingi zilionyesha mapema kwamba hatari ya kuugua sana na kufa ilipanda kwa kiasi kikubwa kadiri umri ulivyopanda. Kijana aliyezisikia takwimu hizo alijipimia hatari yake na kuiona ndogo. Hapo hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amesikia kweli, ila alikuwa amesikia sehemu tu ya kweli hiyo.

Sehemu iliyobaki ni kwamba kijana asiye na dalili anaweza kuwaambukiza bibi, babu na wazazi anaoishi nao nyumba moja. Katika familia zetu, ambamo vizazi vitatu hula sinia moja na kulala chini ya paa moja, hoja hii ina nguvu kuliko hofu ya kifo chake mwenyewe. Kampeni iliyomwambia kijana "mlinde bibi yako" ilimpa jukumu la heshima. Iliyomwambia "utakufa" ilimpa tishio ambalo hakuliona likitimia kwa rika lake, naye akaacha kuisikiliza.

Jambo la pili ni nafasi ya rika. Kijana hutazama wenzake kabla ya kuamua lililo la kawaida na lililo la ajabu. Akiwaona marafiki kumi wamevaa barakoa, kuvaa barakoa huwa jambo la kawaida. Akiwaona wenzake wakicheka aliyevaa, barakoa huishia mfukoni. Mitandao huongeza nguvu hii, kwa kuwa humwonyesha matendo ya wenzake pamoja na idadi ya walioyapenda.

Jambo la tatu ni namna mitandao inavyochagua cha kuonyesha. Programu hizi hutanguliza kile kinachowafanya watu wakae, wacheke, wakasirike au wabishane. Ujumbe wa kweli lakini mkavu husukumwa chini, na ule wa kutisha hupanda juu hata ukiwa wa uongo. Anayeandaa ujumbe wa afya hana budi kulijua hili, bila ya yeye mwenyewe kugeuka mtishaji.

Ngazi ya kwanza: kuona

Mfano mzuri wa ujumbe ulioonwa sana ni wimbo wa Ghen Cô Vy kutoka Vietnam. Mnamo Februari 2020 taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayoshughulikia afya ya kazini na mazingira ilishirikiana na mtunzi Khắc Hưng kuubadilisha wimbo wa mapenzi uliokwisha kupendwa na vijana. Maneno mapya yalifundisha kunawa mikono, kutojigusa uso na kuepuka misongamano. Mchezaji Quang Đăng akatunga hatua za kucheza zinazofuata namna sahihi ya kunawa, na vijana wa nchi nyingi wakajirekodi wakizicheza.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapa. Kwanza, taasisi ya afya ilisimamia ukweli wa maneno na kumwachia msanii ufundi wa kuyafikisha. Pili, tendo lililofundishwa lilikuwa dogo, la wazi, na liliweza kufanywa siku hiyo hiyo. Tatu, mtazamaji aliweza kushiriki, na kila aliyeshiriki akawa mwalimu kwa marafiki zake.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudai kwamba wimbo huo ndio ulioilinda Vietnam. Nchi hiyo iliripoti kifo chake cha kwanza cha UVIKO-19 mwishoni mwa Julai 2020, baada ya miezi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa, kuwatenga na kuwapima. Wimbo ulifanya kazi ndani ya mfumo uliokuwa tayari unafanya kazi. Kijana aliyeimba kuhusu kunawa alihitaji pia maji na sabuni. Katika shule au kituo cha daladala kisicho na bomba, wimbo mzuri kuliko wote hauwezi kuisafisha mikono.

Hivyo basi, idadi ya waliotazama ni kipimo cha ngazi ya kwanza peke yake. Ripoti inayosema kwamba watu milioni moja waliona tangazo haijasema ni wangapi waliamini, wala ni wangapi walifanya kilichosemwa.

Ngazi ya pili: kuamini

Nani anapaswa kusema ili kijana aamini? Watu wengi hufikiri mara moja juu ya wasanii na wachezaji mpira. Watu mashuhuri wana nguvu ya kuvuta macho, lakini imani ina chanzo kingine pia. Tafiti mbili za wakati wa janga zinatusaidia kuliona hilo. Zote mbili ziliwahusu watu wazima kwa jumla, si vijana peke yao, ila mafunzo yake yanawafaa.

Utafiti wa kwanza ulifanyika Marekani mwishoni mwa mwaka 2020, kabla ya Sikukuu ya Shukrani na kabla ya Krismasi, majira ambayo watu husafiri kwa wingi kwenda kwa jamaa zao. Madaktari na wauguzi walijirekodi katika video fupi za sekunde 20, wakiwasihi watu wabaki nyumbani. Video hizo zilipelekwa kupitia Facebook kwa mamilioni ya watu katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya majimbo 13, na maeneo mengine yakaachwa ili kulinganisha. Katika maeneo yaliyopata video nyingi, umbali ambao watu walisafiri siku chache kabla ya sikukuu ulipungua kwa takriban pointi moja ya asilimia, na maambukizi yaliyoripotiwa baada ya sikukuu yalipungua kwa asilimia 3.5.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Badiliko kwa mtu mmoja mmoja lilikuwa dogo, na wengi walisafiri kama walivyopanga. Lakini dogo hilo, likizidishwa kwa mamilioni ya watu, lilizuia maambukizi mengi kwa gharama ndogo. Walioleta badiliko hilo hawakuwa watu mashuhuri. Walikuwa wahudumu wa afya wa kawaida, wakizungumza kwa ufupi kuhusu kazi wanayoifanya kila siku.

Utafiti wa pili ulifanyika Zimbabwe mwaka 2020. Shirika la kiraia la Kubatana, ambalo lilikuwa na waliojiandikisha kupokea taarifa zake, liliwatumia ujumbe wa WhatsApp uliosahihisha uvumi kuhusu virusi na tiba zake. Watafiti waliripoti kwamba waliopokea ujumbe huo walikuwa na ufahamu mkubwa zaidi kuhusu ugonjwa, na mwenendo wa kukiuka masharti ya kubaki nyumbani ulipungua kwa takriban pointi 30 za asilimia. Ujumbe ulikuwa mfupi na haukuwa na mapambo. Nguvu yake ilitokana na mtumaji, ambaye wapokeaji walimfahamu na kumwamini kabla ya janga kuanza.

Imani haijengwi siku ya dharura. Kituo cha afya ambacho vijana walikuwa wakikikwepa kwa sababu ya kukaripiwa walipokwenda kuomba kondomu au kupima virusi vya UKIMWI hakiwezi kutarajia waamini tangazo lake wakati wa mlipuko. Kinyume chake, kituo kilichowapokea kwa heshima huwa tayari kina hazina ya kutumia siku ya shida.

Pale uvumi unapobeba swali la kweli

Madhara ya habari potofu yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu wapatao 4,000 nchini Uingereza na wengine 4,000 nchini Marekani, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na nia thabiti ya kuchanjwa, kuona habari potofu kulipunguza nia hiyo kwa takriban pointi 6 za asilimia. Walioathirika hawakuwa wapinzani wa chanjo. Walikuwa watu waliokwisha kuamua kuchanjwa.

Katika Afrika Mashariki uvumi mmoja uliowagusa vijana ulikuwa kwamba chanjo husababisha ugumba. Kwa msichana au mvulana anayetarajia kuoa au kuolewa na kupata watoto, hofu hiyo si jambo dogo. Kampeni nyingi ziliujibu uvumi huu kwa neno moja, "uongo", kisha zikaendelea na mambo mengine. Jibu hilo halikutosha, kwa kuwa nyuma ya uvumi kulikuwa na jambo ambalo baadhi ya wanawake walilipata kweli.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 wanawake katika nchi mbalimbali walianza kueleza mitandaoni kwamba baada ya kuchanjwa hedhi yao ilichelewa au ilibadilika. Wengi waliambiwa kwamba ni wasiwasi tu. Baadaye watafiti walichunguza kumbukumbu za hedhi za karibu wanawake 4,000 wa Marekani, wakakuta kwamba mzunguko wa waliochanjwa ulirefuka kwa wastani wa chini ya siku moja. Badiliko hilo lilikuwa dogo na la muda, lakini lilikuwapo. Utafiti mwingine uliwafuatilia zaidi ya wanawake 2,000 wa Marekani na Kanada waliokuwa wakitafuta ujauzito, ukaona kwamba chanjo haikupunguza uwezekano wa kupata mimba, iwe ilipokewa na mwanamke au na mwenzi wake. Kilichoonekana ni kwamba mwanamume akiugua UVIKO-19 uwezo wake wa kutungisha mimba unaweza kupungua kwa muda mfupi. Kwa maneno mengine, kijana aliyeogopa chanjo kwa ajili ya uzazi alikuwa na sababu zaidi ya kuuogopa ugonjwa.

Hebu fikiria kama tangu mwanzo kampeni zingesema: "Mnayoyaeleza tumeyasikia. Tunayachunguza, na tutawaletea majibu." Waliopuuzwa waliwaendea wale waliokubali kuwasikiliza, na baadhi ya hao walikuwa wauza hofu.

Funzo hilo linahusu pia madhara ya nadra. Chanjo ya Janssen, iliyokuwa ya kwanza kutumika Tanzania, ilihusishwa na aina ya nadra sana ya kuganda kwa damu, iliyowapata watu wachache kwa kila dozi milioni moja. Mwezi Aprili 2021 Marekani iliisitisha chanjo hiyo kwa siku kumi ili kulichunguza jambo hilo. Kijana mwenye simu aliisoma habari hiyo. Alipokuta mhudumu anasema chanjo haina madhara yoyote, alihitimisha kwamba anafichwa. Mhudumu aliyesema "yapo madhara ya nadra, dalili zake ni hizi, ukiziona njoo mara moja" alimpa taarifa na pia sababu ya kumwamini.

Ngazi ya tatu: kutenda

Tanzania inatupa mfano wa wazi wa tofauti kati ya kuona na kutenda. Mwezi Julai 2021 nchi ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam. Picha zake zilisambaa mitandaoni siku hiyo hiyo. Kuona kulikuwa kwingi. Hata hivyo, miezi iliyofuata sehemu kubwa ya walengwa walikuwa bado hawajachanjwa. Kulikuwa na uvumi, na kulikuwa na vikwazo vya kawaida: vituo vilikuwa vichache, vilikuwa mbali na wengi, na kijana wa bodaboda aliyepanga foleni nusu siku alipoteza riziki ya siku hiyo.

Septemba 2021 Wizara ya Afya ilianzisha mpango shirikishi na harakishi wa chanjo. Huduma ilitoka vituoni ikafuata watu majumbani, sokoni, minadani, kwenye nyumba za ibada na penye mikusanyiko. Viongozi wa mitaa na vijiji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walihusishwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 zaidi ya nusu ya watu wazima waliolengwa walikuwa wamechanjwa. Ujumbe wa mtandaoni uliendelea katika kipindi chote hicho. Kilichobadilika zaidi ni kwamba aliyeuona ujumbe asubuhi aliweza kukutana na mchanjaji mchana, katika mtaa wake mwenyewe.

Kutokana na hayo tunapata kanuni nyepesi ya kuandaa ujumbe kwa vijana: kila ujumbe utaje tendo moja, mahali pa kulifanyia, saa za huduma na gharama, au useme wazi kwamba huduma ni bure. Tangazo lisemalo "jikinge, okoa maisha" humwacha kijana akitafuta mwenyewe hatua inayofuata, na wengi hawataitafuta.

Wasiofikiwa na mtandao

Ndugu msomaji, tusisahau kwamba si kila kijana ana simu janja, na si kila mwenye simu ana bando. Msichana wa kijijini mara nyingi hutumia simu ya kaka, ya mume au ya mama, na huwezi kumtumia ujumbe wa siri kwenye simu isiyo yake. Kijana mwenye ulemavu wa kuona hanufaiki na picha yenye maandishi, na kiziwi hanufaiki na video isiyo na lugha ya alama wala maandishi chini yake. Nchini Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, mwanafunzi asiye na simu alikosa shule, na pamoja nayo alikosa mahali ambapo angesikia elimu ya afya.

Redio, gari la matangazo, mabango ya sokoni na mazungumzo ya ana kwa ana bado vina nafasi. Kampeni inayotegemea mtandao peke yake huwafikia kwanza wale ambao tayari wana fursa nyingi.

Upande wa pili ni wale wanaofikiwa kupita kiasi. Vijana wengi walikesha wakifuatilia idadi ya vifo na picha za wagonjwa mahututi. Kwa baadhi yao usingizi ulipungua na wasiwasi ukaongezeka. Mhudumu anayempokea kijana mwenye mapigo ya moyo ya haraka, kukosa usingizi au maumivu ya kichwa yasiyoeleweka wakati wa mlipuko amuulize pia anaangalia nini kwenye simu, na kwa saa ngapi kwa siku.

Mhudumu wa afya afanye nini

Mazungumzo yafuatayo ni ya mfano tu. Yanaonyesha namna ya kuupokea uvumi bila kumdhalilisha aliyeuleta.

Kijana: "Shikamoo dada nesi."

Muuguzi: "Marahaba mdogo wangu. Karibu ukae."

Kijana: "Dada, nilitaka kuchanja, ila kwenye simu nimeona wanasema msichana akichanjwa hatazaa."

Muuguzi: "Hofu hiyo naielewa, uzazi si jambo la mzaha. Uliliona wapi? Na ni lipi hasa limekusumbua?"

Kijana: "Kwenye kundi letu la chuo. Halafu rafiki yangu alichanja, hedhi yake ikachelewa."

Muuguzi: "Ahsante kwa kuniambia. Chanjo haiharibu uzazi. Wanawake zaidi ya elfu mbili waliokuwa wakitafuta mimba walifuatiliwa, na waliochanjwa walipata mimba sawa na wasiochanjwa. Hedhi inaweza kusogea kidogo kwa mwezi mmoja au miwili, kisha ikarudi kama kawaida. Wanaosema ni ugumba wamechanganya mambo hayo mawili. Kama ya rafiki yako imechelewa sana, mwambie aje tumpime, huenda kuna sababu nyingine."

Muuguzi huyu alifuata hatua tano. Alionyesha kuielewa hofu kabla ya kuisahihisha. Aliuliza chanzo. Alianza na ukweli, akaeleza palipotokea mkanganyiko, wala hakuurudiarudia uvumi, kwa kuwa uvumi unaotajwa mara nyingi hukaa kichwani. Alikiri lililo kweli ndani ya maelezo ya kijana. Mwisho akafungua mlango wa huduma kwa rafiki asiyekuwapo.

Zaidi ya mazungumzo hayo, kituo cha afya kinaweza kufanya yafuatayo bila bajeti kubwa:

1. Kuwa na daftari la uvumi. Kila wiki wahudumu waandike maswali na uvumi waliousikia, kisha wakubaliane jibu moja, ili kijana asipate majibu matatu kutoka vyumba vitatu.

2. Kuandaa ujumbe mfupi wa sauti au video ya nusu dakika, uliosemwa na mhudumu anayefahamika katika eneo hilo, na kuutuma kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, shule, kwaya, timu za mpira na vikundi vya bodaboda. Picha za wagonjwa na taarifa zao zisitumike kamwe.

3. Kuwashirikisha vijana katika kuutunga ujumbe tangu mwanzo. Mtaalamu alinde ukweli, na kijana achague lugha.

4. Kupima matokeo kwa tendo. Waulize wanaofika: "Ulisikia wapi kuhusu huduma hii?" Jibu hilo lina manufaa kuliko idadi ya walioupenda ujumbe.

Mgonjwa na kijana wafanye nini

Anayepokea ujumbe wa afya kwenye simu ana wajibu pia. Watafiti waliofanya majaribio na watumiaji wa Facebook nchini Kenya na Nigeria waliona kwamba kumkumbusha mtu afikirie usahihi wa habari kabla ya kuisambaza hupunguza usambazaji wa habari za uongo. Huhitaji kusubiri kukumbushwa. Jiulize haya manne:

Ni nani aliyesema, na je, ana jina, kazi na mahali anapopatikana? "Daktari mmoja wa Ulaya" si jina.

Ni ya lini? Picha ya zamani husambazwa kama ya leo.

Inanitaka nifanye nini? Jihadhari na ujumbe unaokutaka uache dawa ulizoandikiwa, ununue kitu upesi, au uwatumie watu kumi.

Nikikosea, nani ataumia? Mwaka 2020 ushauri wa kujifukiza ulienea sana. Mvuke hauui virusi vilivyomo mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi inaweza kumbabua mtoto. Tangawizi na limau ni vinywaji vizuri, lakini havichukui nafasi ya hospitali kwa mgonjwa anayeshindwa kupumua.

Ukibaki na shaka, usisambaze. Peleka swali lako kituoni. Hakuna swali la afya lililo la aibu, na mhudumu mwema hatakucheka.

Hitimisho

Tarehe 5 Mei 2023 WHO ilitangaza kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa. Magonjwa ya mlipuko hayakuisha siku hiyo. Kipindupindu, homa ya Marburg na mpox vimeendelea kuzipiga nchi zetu, na kila mlipuko huja na video zake, uvumi wake na tiba zake za kubuni.

Kampeni za mitandaoni zimethibitika kuwa na faida. Zinawafikia vijana wengi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo, na zinaweza kubadilisha mwenendo kwa kiasi. Lakini kati ya kijana aliyeona na kijana aliyetenda kuna umbali, na umbali huo hufupishwa na sura anayoiamini, jibu la kweli kwa swali lake, na huduma anayoweza kuifikia leo. Mambo hayo matatu yamo ndani ya uwezo wa zahanati ya kijiji. Kazi ya kuyajenga ifanywe sasa, kabla ya mlipuko ujao.

Maswali ya kujadili kituoni

1. Ni uvumi gani wa afya unaosikika zaidi kwa vijana wa eneo lenu mwezi huu, na ni swali gani la kweli lililomo ndani yake?

2. Kijana akiuona ujumbe wenu leo jioni, kesho asubuhi aende wapi, saa ngapi, na atampata nani?

3. Ni vijana gani wa eneo lenu wasiofikiwa na simu, na nani anawafahamu?